Fimbo ya Jumatano

Katika kitongoji kimoja cha kata ya Daudi, wilayani Mbulu, nyumba saba huchunga ng'ombe wao pamoja. Utaratibu huo haujaandikwa mahali popote. Kila nyumba ina siku yake, na siku yako ikifika unafungua mazizi yote saba, unawakusanya ng'ombe wa watu pamoja na wako, unakwenda nao malishoni, unawanywesha, na jioni unamrudisha kila mmoja kwao. Wasio na zamu siku hiyo hulima vitunguu saumu vyao, huenda mnadani, huuguza wagonjwa wao. Ukimaliza kazi, unaichukua fimbo ya kuchungia na kuiegemeza kwenye lango la jirani wa kesho. Ni fimbo ya kawaida tu, ya mti mgumu, imeng'aa kwa mikono ya watu wengi. Anayeikuta langoni kwake hahitaji kuambiwa kitu.

Jumatano ilikuwa ya Modest Sulle.

Ilikuwa yake tangu baba yake alipofariki, na sasa Modest ana miaka sitini na mbili. Ni mtu mrefu, mwembamba, mwenye maneno machache, na hanywi chai isiyo na tangawizi. Hajawahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote, wala hajawahi kutamani. Jambo ambalo watu walimsifia ni ng'ombe. Aliwajua wote thelathini na mmoja kama mwalimu anavyolijua darasa lake: yupi hupenda kubaki nyuma, yupi ni mtoto wa nani, yupi akifika kwenye ngano ya mtu hujifanya hajauona uzio.

Siku ya kwanza aliyosahau ilikuwa Jumatano ya mwezi wa saba mwaka jana, ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba. Fimbo ilikuwa langoni tangu jioni. Ikafika saa nne asubuhi, ng'ombe wa nyumba saba bado wamefungiwa, wanalia, na Modest amekaa jikoni karibu na moto, mkononi ana kikombe cha chai iliyokwisha kupoa. Gidabuday, jirani wa upande wa chini, akaja mwenyewe.

"Mzee mwenzangu, leo ng'ombe wamefunga Kwaresima?"

Modest alimtazama. "Kwani leo siku gani?"

"Jumatano. Hatujaibadilisha."

Modest aliinuka kwa ghafla hata chai ikamwagika. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba radhi, watu wakacheka, na siku ile ikaisha.

Mwezi wa tisa alirudi jioni na ng'ombe thelathini. Mtamba wa Gaudensia, mjane mwenye zamu ya Alhamisi, alikuwa amebaki bondeni penye maji. Walimpata kesho yake asubuhi, mzima kabisa, anatafuna majani kando ya kijito kama mgeni aliyelala hotelini. Lakini fisi walikuwa wamesikika upande ule, na Modest hakula kitu siku mbili.

Baada ya hapo yakafuata mengine madogo madogo. Aliingia stoo akasimama katikati, hajui amefuata nini. Jina la mkwe wake, mume wa Paskalina aliyeko Arusha, lilimtoka akiwa anaongea naye kwenye simu, ikabidi amwite "baba" mazungumzo yote. Fabiola, mkewe, alimwona akiwa ameshika nyundo kwa muda mrefu mbele ya uzio aliokuwa ameujenga kwa mikono yake, kama anausoma.

Usingizi nao ulikuwa umemhama tangu Pasaka. Alikuwa akilala mapema, akiamka usiku wa manane, akikaa macho mpaka kuku wawike. Akakumbuka kwamba siku za nyuma, alipopata mafua, vile vidonge vidogo vya njano vya duka la dawa vilimlaza vizuri. Akavinunua Mbulu mjini. Mwanzo alimeza kimoja kabla ya kulala, baadaye viwili, kila siku. Hakumwambia mtu. Hakuwa anaficha, hakuona tu kama hiyo ni dawa ya kumwambia mtu.

Hata hivyo kusahau kwenyewe hakukumtisha sana. Kilichomtisha kilikuwa Balangdalalu.

Huko, wilayani Hanang, ndiko alikoolewa dada yake Philomena, mwenye miaka sabini na moja. Katika maisha yake Philomena aliugua sonona mara tatu. Kila mara ilikuwa miezi ya kulala ameelekea ukutani, hataki chakula, hataki mtu, na kila mara alipona akarudi shambani na kwenye kwaya. Kisha, alipokuwa na miaka sitini na sita, alianza kupotea. Kwanza alipotea njia ya kisimani, baadaye akasahau majina ya majirani, mwisho akawasahau watoto wake mwenyewe. Modest alikwenda kumwona mwezi wa kumi. Alimkuta ameketi juani, msafi, amejifunga kitenge kizuri, na binti yake Imakulata anamlisha uji.

"Shikamoo dada."

Philomena alimtazama kwa heshima kubwa. "Shikamoo baba," akasema. "Huko mvua imenyesha?"

Imakulata aliinamisha uso. "Usijali, mjomba. Siku nyingine mimi ananiita mama, na ananiomba ruhusa ya kwenda kucheza."

Modest hakuweza hata kumaliza uji aliokaribishwa. Alisema anawahi gari, na gari lenyewe lilikuwa la saa nane mchana. Alikaa stendi zaidi ya saa tatu, akitazama mikono yake.

Kwa maana yeye pia aliwahi kuugua sonona. Ilikuwa mwaka 1999, akiwa na miaka thelathini na saba. Hapakuwa na msiba wala hasara. Asubuhi moja mwili ulikataa kuinuka, na ukaendelea kukataa. Wiki zikawa miezi. Wazee walikuja wakamwombea, padri akaja, mwisho nesi mmoja akamwandikia barua ya kwenda hospitali, akapewa vidonge alivyovitumia mwaka mzima. Katika miezi mitano ile ya kulala, fimbo haikuletwa kwake. Aliyekuwa na Jumanne aliipeleka moja kwa moja kwa mwenye Alhamisi, na Jumatano wakaigawana wenyewe bila kikao. Hakuna aliyemwambia kwamba amepumzishwa, wala kwamba anadaiwa. Kisha jioni moja, alipokuwa ameanza kutoka nje na kuota jua, aliikuta fimbo imeegemezwa langoni. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuumwa. Watu wa pale humpenda mgonjwa hivyo: wanambebea siku yake na kunyamaza.

Mwezi wa kumi na moja, Modest akiwa anakaza nyaya za uzio, redio yake ndogo ilikuwa ikicheza juu ya nguzo. Kikaanza kipindi cha afya. Daktari mmoja akasema, kwa sauti tulivu, kwamba utafiti wa nchi mbalimbali unaonyesha watu waliowahi kuugua sonona wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu wakizeeka. Modest aliizima. Daktari alikuwa bado anaendelea kusema, lakini Modest hakutaka sentensi ya pili. Ya kwanza ilimtosha.

Jumanne ya wiki ile, jioni, alisimama ndani ya lango lake. Jumanne ni ya Gidabuday. Alimsikia anakuja, akasikia fimbo inagonga mawe ya njia. Gidabuday alipofika langoni alikohoa, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye msiba, akapita. Fimbo ikaenda kwa Gaudensia.

Basi hata wao wameona, Modest akawaza. Akarudi ndani akakaa.

Alikaa hivyo mpaka Krismasi. Aliacha uzio katikati. Kanisani alikwenda mara moja, akatoka kabla ya matangazo. Chakula akawa anakisogeza pembeni ya sahani. Jumatano zilimpita akiwa amekaa kwenye kigoda, anawasikia ng'ombe wakipita nje na mtu mwingine akiwaita.

"Baba Paskalina, twende hospitali," Fabiola alisema.

"Kufanya nini? Nimeshajua."

"Umejua nini?"

"Ninakwenda alikokwenda dada."

"Dada yuko Balangdalalu. Wewe uko hapa, unanipozea ugali."

Hakucheka. Alisema jambo alilokuwa amelifikiria siku nyingi: baada ya mwaka mpya atawaita wenzake wa zamu awaambie waichukue Jumatano moja kwa moja, waigawe au waipe nyumba nyingine. Heri aitoe mwenyewe akiwa bado na akili ya kuitoa, kuliko siku moja kupoteza ng'ombe wa mtu na asijue hata kwamba amempoteza. Fabiola alijua kwamba mumewe akiitoa siku ile hatakuwa tena na sababu ya kuvaa viatu.

"Sawa," alisema mwishowe. "Lakini daktari kwanza. Ukirudi na jibu baya, fimbo nitawapelekea mimi kwa mkono wangu. Ukirudi na jibu zuri, hutoi kitu."

Wakakubaliana hivyo.

Daktari aliyewapokea Mbulu mjini mwezi wa kwanza alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amejitanda ushungi, mtoto wa wafanyabiashara wa Katesh. Aliitwa Raya.

"Shikamoo mzee wangu. Shikamoo mama."

"Marahaba, daktari," walijibu pamoja.

Aliuliza habari za nyumbani na za mvua kabla ya kuuliza habari za ugonjwa. Kisha akamwambia Modest: "Nitakutajia maneno matano. Yashike, nitakuuliza baadaye. Jembe, kanisa, maziwa, daraja, shati." Akaendelea na mengine. Mwezi huu ni wa ngapi?

"Sijui."

"Hata kwa kukisia?"

"Sijui, daktari."

"Januari," Fabiola alisema, hakuweza kujizuia.

"Mama, wewe huna mtihani leo," Dokta Raya alisema, na Fabiola akaziba mdomo kwa kitenge.

Akamwomba Modest ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma. Modest alisema Jumapili, Jumamosi, akaacha. Akamuuliza yale maneno matano. Modest alitikisa kichwa.

"Jaribu tu, mzee. Ukikosea hakuna anayekuchapa."

"Nikijaribu itasaidia nini?"

Daktari alimtazama kidogo, halafu akaweka kalamu mezani. "Mama amesema wewe ni mchungaji."

"Nilikuwa."

"Mlikuwa mnachunga wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Hilo umelijibu upesi. Niambie ni akina nani."

Modest alitazama sakafu. Kwa muda ilionekana kama atasema tena hajui. Kisha akaanza, polepole, kama anayefungua mazizi moja baada ya jingine. "Kwa Gidabuday wako watano. Yule mweusi mwenye doa la paji, mama yake aliuzwa mnada wa Dongobesh mwaka ule wa ukame. Yule wa kijivu haendi mbele ya wenzake, ukimpiga ndiyo anarudi nyuma kabisa. Pacha wawili wekundu, utawatambua kwa masikio..." Akatoka kwa Gidabuday akaingia nyumba ya pili. Alipofika nyumba ya nne alikuwa ameinua uso na mkono wake unaonyesha urefu wa pembe hewani. Fabiola alikuwa hajasikia sauti ile tangu mavuno. Alifika ishirini na tisa, akasimama.

"Wawili wananipotea," alisema, na uso ukaanza kuanguka tena.

"Waache waje wenyewe," daktari alisema, akaanza kuandika. Akauliza huku anaandika: usingizi je? Chakula? Kuna kitu kinachokufurahisha siku hizi? Je, umewahi kuwaza heri usingekuwepo? Modest alijibu yote, na hilo la mwisho alilijibu kwa sauti ya chini: amewaza, lakini hajawahi kupanga kitu. Fabiola alimshika goti.

"Na dawa? Unatumia dawa yoyote?"

"Hapana."

"Hata za dukani?"

"Za mafua tu."

"Una mafua?"

"Hapana."

Fabiola aligeuka akamkodolea macho. "Za mafua gani?"

"Vile vya njano," Modest alisema, kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Viwili, nikienda kulala. Vinaleta usingizi. Tangu baada ya Pasaka."

Dokta Raya alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza akatabasamu waziwazi. "Mzee wangu, vidonge hivyo kwa kijana mwenye mafua ni sawa. Kwa mtu wa umri wako, kila siku miezi tisa, vinatia ukungu kichwani. Vinafifisha kumbukumbu yenyewe. Leo usiku hunywi, na kesho hunywi."

"Ng'ombe wa Gaudensia," Modest alisema ghafla. "Yule mtamba mwenye pembe iliyopinda. Huyo wa thelathini. Na ndama wa Gaudensia, yule mdogo anayefuata kila mtu, thelathini na moja." Akamtazama daktari. "Na shati. Ulisema shati. Na daraja."

Ndipo Modest akauliza swali alilokuja nalo.

"Daktari, ni kweli sonona ndiyo inayoleta ugonjwa wa dada yangu?"

"Nani amekwambia?"

"Redio."

"Redio ilisemaje?"

"Nilisikia sentensi moja nikaizima."

Dokta Raya alicheka, akajikaza asicheke zaidi. "Ungeiacha imalizie, mzee! Haya, mimi nitakumalizia." Akasogeza kiti. "Sentensi ya kwanza ni ya kweli, sitakudanganya. Waliowahi kuugua sonona, hasa walioiugua mara nyingi, hupata ugonjwa huo uzeeni zaidi kidogo kuliko wengine. Lakini wengi wao hawaupati kabisa. Wanazeeka na akili zao, wanasumbua wakwe zao mpaka mwisho. Kwa nini mambo hayo mawili yanafuatana, wataalamu bado hawajakubaliana. Pengine sonona inauchosha ubongo. Pengine kuna kitu kimoja kinacholeta yote mawili. Na pengine, kwa baadhi ya watu, sonona inayokuja uzeeni ni ugonjwa wenyewe unaoanza kuonekana. Kwa hiyo siwezi kukuapia kuhusu miaka kumi ijayo. Nitakupima leo, nitakupima tena, kila miezi sita nitakupima."

"Na leo?"

"Leo ninaona mtu mwenye sonona iliyorudi, anayekunywa vidonge visivyomfaa. Sonona peke yake inaiba kumbukumbu, kwa sababu akili iliyochoka haishiki kitu. Aliyepoteza kumbukumbu mara nyingi hujaribu kujibu, hukosea, na hajui kama amekosea. Wewe unasema hujui kabla sijamaliza kuuliza, halafu unanitajia ng'ombe na mama zao. Sonona inatibika. Uliwahi kupona, na nategemea utapona tena."

Modest alivua kofia, akaikunja, akaikunjua, akaivaa tena. Fabiola ndiye aliyelia.

Damu ikachukuliwa ili kuangalia mambo mengine, na haikuonyesha kitu cha kutisha. Akapewa vidonge vya sonona, kimoja kila asubuhi, akaambiwa visimvunje moyo, kwani huchukua wiki kadhaa kuanza kazi. Atembee kila siku. Akae na watu. Kabla hawajatoka, daktari alimuuliza Fabiola, "Na hiyo zamu ya kuchunga, nani alimwachisha?"

"Hakuna aliyemwachisha. Majirani wanamsaidia."

"Basi waambie wamsaidie kwa kumrudishia. Sio leo, akianza kulala na kula."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Fabiola alikwenda kwa Gaudensia. Alimkuta anapukuchua maharage uani, na Gidabuday ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, anasubiri kupewa chai. Fabiola akawaeleza maneno ya daktari.

"Lakini sisi hatukumnyang'anya," Gaudensia alisema. "Tulimpumzisha. Kama mwaka ule."

"Mwaka ule alikuwa kitandani, hawezi kusimama. Safari hii alikuwa amesimama langoni, anaisubiri."

Mikono ya Gaudensia ilisimama juu ya ungo.

"Mimi nilipita nikikohoa," Gidabuday alisema taratibu.

"Alikuona. Na kikohozi chako alikisikia."

"Nilidhani namheshimu." Gidabuday alijikuna shingo. "Kumbe namzika."

"Na akisahau tena?" Gaudensia aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Mtamba aliyepotea alikuwa wake.

"Akisahau mtakuja kumgongea mlango. Mtamtukana kama mnavyomtukana mtu mzima yeyote. Mkinyamaza ndiyo anaugua."

"Kumgongea niachie mimi," Gidabuday alisema. "Nitagonga kama polisi."

"Na chai yako unywe kwako siku hiyo," Gaudensia alimwambia, "ng'ombe wasikungoje na wewe."

Usingizi wa Modest ulikuwa mbaya wiki mbili za kwanza bila vile vya njano, kisha ukaanza kurudi, saa moja baada ya saa nyingine. Mwezi wa pili ukungu ulianza kutoka. Fabiola aliujua mwisho wake siku Modest aliposema chai haina tangawizi. Mwezi wa tatu, kliniki, Dokta Raya alimpa maneno matano mapya, na Modest akarudisha manne. Lile la tano alilikumbuka akiwa nje getini, akarudi ndani na kulisema mbele ya mgonjwa mwingine. Daktari hakumwahidi kitu zaidi ya aliyokwisha kumwambia. Alimwandikia tarehe ya kurudi, na Modest akaiweka mfukoni kwa utulivu.

Kutoka kliniki hakurudi nyumbani. Alipanda gari, na gari la pili, na pikipiki, akafika Balangdalalu. Safari hii alilala siku mbili. Philomena alikuwa pale pale juani, na kitenge kingine kizuri.

"Shikamoo baba," Philomena alisema.

Imakulata alifungua mdomo amsahihishe mama yake, lakini Modest alikwisha kuvuta kigoda. "Marahaba, mwanangu."

"Huko mvua imenyesha?"

"Imenyesha vizuri sana."

"Na ng'ombe wanakula?"

"Wanakula mpaka wanachagua."

Philomena alifurahi. Alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka jua lilipohama, na Modest akagundua kwamba kwa muda wote ule alikuwa anamtazama dada yake tu. Hakuwa anajitafuta usoni mwake. Akamaliza uji, akaomba mwingine.

Jumanne ya pili ya mwezi wa nne, jioni, alikuwa anakaza nyaya za uzio ule aliouacha katikati. Alisikia fimbo ikigonga mawe. Gidabuday hakukohoa. Alifika langoni, akaiegemeza kwa kishindo, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya tatu, "Modest! Kesho ukilala nakuja na maji ya baridi!"

"Wewe ndiye uoge hayo maji," Modest alijibu. Akaweka koleo chini, akaja kuichukua fimbo.

Kesho yake alifungua zizi la kwanza kabla jua halijatoka. Gaudensia alisimama mlangoni kwake akiwatazama wanavyotoka, akihesabu kwa vidole chini ya khanga. Modest aliliona hilo na hakulichukia. Hata yeye alikuwa anahesabu. Alihesabu kwenye mwinuko, akahesabu penye maji, akahesabu wakati wa kugeuka. Hofu haikuwa imeondoka yote. Ilikuwa inatembea naye, lakini sasa kando yake, kama ng'ombe mwingine wa kuangaliwa.

Jioni majirani wote walijikuta nje, kila mmoja na kisingizio chake. Mmoja anafagia, mmoja anatafuta mtandao wa simu. Gidabuday hakuwa na kisingizio, alisimama katikati ya njia na kuhesabu kwa sauti. "Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na moja." Uso wake ukang'aa. Kisha ukazimika. "Thelathini na mbili."

Nyuma ya kundi alikuja mtamba wa rangi ya kahawia ambaye hakuna nyumba iliyokuwa naye. Fabiola, aliyekuwa langoni, aliushika mti wa lango. Gaudensia alimtazama mtamba, akamtazama Modest, akashindwa kuuliza. Gidabuday ndiye aliyeuliza, kwa upole ambao hakuwa ameutumia siku nyingi.

"Mzee mwenzangu. Huyu ni wa nani?"

"Wa Hermani, kitongoji cha chini," Modest alisema, anafunga zizi. "Alijiunga nasi penye maji saa nane. Nilimfukuza mara mbili, akarudi. Kumwacha peke yake bondeni sikuweza, mnajua wenyewe kwa nini. Nimempigia Hermani simu mara tatu, hapokei. Nimemtumia ujumbe."

Hakuna aliyekuwa amemaliza kupumua wakati Hermani mwenyewe alipotokea anapanda kilima mbio, shati limetoka, simu mkononi.

"Shikamooni wazee! Mzee Modest, nimeona ujumbe sasa hivi. Nilikuwa nimeshawafungia, nikajua wote wamo!"

"Hukuhesabu?" Gidabuday alimuuliza.

"Nili... nilidhani nimehesabu."

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na minne."

Gidabuday alianza kucheka, akakaa chini kabisa njiani. "Mpelekeni kwa Dokta Raya! Apewe maneno matano!" Gaudensia alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Hermani, asiyejua linalochekwa, alicheka pia kwa adabu. Modest alimfungia mtamba kamba shingoni, akampa, akamwambia asipite njia ya bondeni.

Watu walipotawanyika, aliichukua fimbo akaipeleka kwa Gaudensia, mwenye Alhamisi. Alimkuta bado yuko langoni, anamkuna mtamba wake mwenye pembe iliyopinda.

"Huyu leo ndiye aliyekuwa wa kwanza kunywa maji," Modest alisema, na kuiegemeza fimbo.

"Ameshiba, naona." Gaudensia aliigusa fimbo, akaisogeza isianguke. "Wiki ijayo umpitie mapema kidogo. Nitakuwa nakwenda mnadani, sitaki nikungoje."

"Nitakuja mapema."

"Haya. Jumatano."

"Jumatano," Modest alisema, akashuka kwenda kwake, ambako harufu ya tangawizi ilikuwa imeshafika mpaka nje ya uzio.